Komesha Chelewa

Ilikuwako nchi, na mpaka hivi sasa ipo, ila jina lake lilipelekwa ng'ambo kuongezwa thamani na bado halijarudi. Wenyeji wameambiwa wavumilie. Zamu yake ikifika litarudi ndani ya boksi, limefungwa vizuri, pamoja na maelezo ya namna ya kulitumia. Kwa hiyo msomaji asiulize ni nchi gani. Wenyewe wakiulizwa husema, "Ni hii hii," wakaonyesha kwa kidole chini.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Kirembwe binti Mcha, mjane, mtu wa sala zake tano na Jumatatu zake za kufunga, aliyesoma mpaka darasa la saba na baada ya hapo akaisoma dunia kwa macho. Mumewe, marehemu Faki, alimwachia minazi ishirini na miwili aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kukata roho alimshika kiganja akamwambia, "Kirembwe, minazi hii usiitoe kwa mtu. Mafagio ya kwanza ya kila mwezi yapeleke msikitini. Yanayobaki yakulishe." Basi kila siku baada ya sala ya alfajiri Bi Kirembwe alikaa kibarazani akichana makuti na kutoa chelewa, vile vijiti vyembamba vya katikati ya jani la mnazi, akavifunga mafagio. Hakumwomba mtu, wala hakumsema mtu, isipokuwa pale ilipobidi.

Ikaja ikabidi.

Serikali iliunda wizara mpya. Jina lake kamili lilikuwa Wizara ya Utandawazi, Biashara na Dunia, na Minyororo ya Ugavi, lakini rangi ya fundi wa kibao ilitosha maneno matatu tu, ikabaki Wizara ya Minyororo. Ikapewa jengo la gereza la zamani. Ilielezwa kwamba jengo lile lina uzoefu.

Siku ya ufunguzi raia waliitwa uwanjani, na kila aliyefika alipewa kofia iliyoshonwa nchi nyingine. Waziri, Mheshimiwa Subeti Makarai, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Zamani mlikuwa watu tu. Leo mmekuwa pete! Kila mmoja wenu ni pete katika mnyororo mmoja unaoizunguka dunia nzima! Mkulima amefungwa kwa msafirishaji, msafirishaji amefungwa kwa meli, meli imefungwa kwa mnunuzi! Hakuna aliye huru tena!"

Makofi.

"Dunia imekuwa kijiji! Nazi yenu itaondoka hapa ikiwa nazi tupu, ya kishamba, ina manyoya. Itavuka bahari tatu. Huko itakunwa na mashine, itakamuliwa na mashine, itatiwa ndani ya kopo, na baada ya miezi minne itarudi kwenu ikiwa tui!"

Makofi zaidi. Bi Kirembwe alimwinamia jirani yake, Shaame, mwenye minazi kumi iliyopakana na yake, mtu mwema lakini mwepesi wa kupiga makofi.

"Shaame, kijiji gani hicho?"

"Kipi, Da Kirembwe?"

"Hicho ilichokuwa dunia. Kwetu sisi nazi inatoka uani inaingia jikoni, hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Hicho cha kwake nazi inavuka bahari tatu ndipo imrudie mwenyewe. Mimi kijiji kikubwa kiasi hicho sijapata kukiona."

"Wewe hutaki maendeleo."

"Nayataka. Nauliza tu yanapitia njia gani."

Shaame akampigia makofi Waziri ili asisikie zaidi.

*

Wiki haikutimia ukaja waraka. Methali zote zinazosifu mwendo wa taratibu zilifutwa, kwa kuwa ziligundulika zinaharibu biashara. "Kawia ufike" ilipigwa marufuku shuleni, harusini na kwenye kanga. "Haraka haraka haina baraka" haikufutwa, ilisahihishwa tu. Watoto wakaanza kuiimba mstarini asubuhi: "Haraka haraka ina baraka, kwa mujibu wa waraka." Mwanamke mwenye kanga ya methali iliyoharamishwa aliruhusiwa kuivaa nje ndani.

"Wameanza na methali," alisema Bi Kirembwe, akikunja kanga yake moja na kuisukumia chini ya godoro. "Tusubiri watakapofika kwenye subira yenyewe, nayo ni nusu ya imani."

Waraka wa pili ukaagiza kwamba kitu chochote kisitoke mahali kwenda mahali, iwe sokoni, iwe msikitini, iwe kwa jirani, mpaka kipite kwanza kwenye Kituo cha Kuunganisha Pete, bandarini, kiandikwe ndani ya mashine. Bandari ilikuwa upande wa kulia wa nyumba ya Bi Kirembwe. Soko lilikuwa upande wa kushoto, unaliona ukisimama mlangoni. Akajitwika mafagio yake sitini, akaenda kulia ili afike kushoto.

Karani wa kituo aliitwa Zidi Mbwara, kijana wa tai na kalamu tatu mfukoni.

"Mzigo gani?"

"Mwanangu, siku hizi shikamoo nayo imepigwa marufuku?"

"Inachelewesha foleni, mama. Mzigo gani?"

"Mafagio."

"Yametengenezwa kwa nini?"

"Kwa sababu watu wanachafua."

"Malighafi, mama! Yametengenezwa kwa kitu gani?"

"Chelewa."

Zidi akainua macho. "Sijakuuliza kama umechelewa."

"Nami sijasema nimechelewa. Nimetoka nyumbani jua halijachomoza. Chelewa. Ya mnazi."

"Mnazi ndio umechelewa?"

"Mwanangu, wewe umezaliwa nchi hii?"

"Nimezaliwa mtaa wa nyuma hapo."

"Na mama yako alikuwa anafagia kwa nini? Kwa ulimi?"

Foleni nzima ikacheka. Zidi hakucheka. Aliigeukia mashine akabonyeza herufi moja baada ya moja, akizitamka kama mtu anayechinja: che, le, wa. Mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, taa nyekundu ikawaka.

"Mzigo huu umechelewa."

"Umechelewaje na haujaondoka?"

"Huo ndio ubaya wake. Iko mizigo inayochelewa njiani, na iko inayochelewa kupakuliwa. Wa kwako umechelewa kabla ya kuondoka. Huu ni uchelewaji wa asili."

Wapagazi wawili wakaubeba mzigo wakaupeleka kwenye Ghala la Mizigo Iliyochelewa, jengo refu lisilo na dirisha, na Bi Kirembwe akapewa karatasi nyekundu. Alipogeuka kuondoka akaona nyuma ya mlango wa ofisi umesimamishwa ufagio. Wa chelewa. Umefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi, fundo la mizunguko mitatu. Fundo lile alilijua, maana ni vidole vyake.

"Na ule je, mwanangu?"

"Ule ni mali ya serikali."

"Umetengenezwa kwa nini?"

"Mama, unachelewesha foleni."

Akarudi nyumbani kichwa kitupu na moyo umejaa. Angekuwa mtu mwingine angesema kijana yule ni mjinga, Mungu amsamehe. Bi Kirembwe hakusema hivyo. Nazi kavu huangukia popote inapotaka. Ikikuangukia wewe peke yako kila siku, ujue juu kuna mtu.

*

Zikapita siku tano. Siku ya sita maduka yote yakajaa mafagio ya plastiki, ya manjano, yamesimama safu kama askari wa gwaride. Boksi la kila moja liliandikwa: Ufagio wa Kisasa, Hauchelewi. Yaliletwa na Kampuni ya Shemeji na Wenzake. Shemeji huyo alikuwa shemeji wa nani, boksi halikusema, na watu wenye adabu hawakuuliza.

Shaame alikuwa wa kwanza kununua. Akapita nao kibarazani kwa Bi Kirembwe akiwa ameuweka begani.

"Umeuona, Da Kirembwe? Mwepesi kama unyoya. Umetoka ng'ambo."

"Hebu nipe hilo boksi lake."

"Boksi la nini?"

"Nisome."

Akalisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Maandishi mengi yalikuwa ya lugha za watu, lakini tarakimu ni tarakimu kokote uendako. Akafika pembeni chini, akasimama.

"Shaame, Wizara ilifunguliwa mwezi gani?"

"Wa tano."

"Na chelewa yangu imekamatwa lini?"

"Si juzijuzi tu hapa."

"Ufagio huu umetengenezwa mwezi wa pili. Na neno hili la 'hauchelewi' halikubandikwa juu baadaye, limechapwa humo humo pamoja na boksi. Dawa imepakiwa melini mgonjwa hajaanza hata kukohoa."

Shaame akakuna shingo. "Labda wenzetu wana akili ya kuona mbele."

"Wanayo," alisema Bi Kirembwe, akamrudishia boksi lake. "Hiyo ndiyo inayonikosesha raha."

Msikitini nako yakaletwa mafagio ya manjano manne, zawadi. Siku ya tatu nyuzi zake zilikatika, zikabaki kwenye mikeka, waumini wakainuka kwenye sijda na nyuzi za manjano vipajini. Bi Kirembwe alisubiri watu watawanyike baada ya adhuhuri, akapita mlango wa nyuma na mafagio mawili chini ya buibui. Hakuyaandikisha popote. Wasia wa marehemu haukuwa na fomu.

*

Mambo yangeishia hapo, mtu akaficha mafagio yake na serikali ikauza yake, lakini ng'ambo kulikuwa na Baraza la Wepesi la Dunia, lililozipanga nchi zote kwa mbio, na mwaka ule nchi yetu ikawa ya mwisho. Si ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho, na waliongeza alama ya mshangao.

Mheshimiwa Makarai aliunda kamati ya watu kumi na mmoja kutafuta chanzo. Kamati ilisafiri nchi saba kwa ndege kwenda kuona uchelewaji unavyofanana, ikarudi imechelewa. Ilipokaa mwishowe mbele ya mashine ya Zidi Mbwara, ikauliza swali moja, na mashine ikajibu kwa mstari mmoja, kwa kuwa katika nchi nzima ni mstari mmoja tu uliokuwa na neno lile: Chelewa. Inatoka: mnazi. Mwenye mzigo: Kirembwe Mcha.

Jioni ile redio ikatangaza kwamba chanzo cha chelewa kimegunduliwa na wataalamu wazalendo, na kwamba kuanzia sasa kuna Operesheni Komesha Chelewa. Mkaguzi Mkuu wa Baraza la Wepesi atazuru nchi mwisho wa mwezi. Kabla hajateremka, minazi yote iwe imelala chini. Wakuu wa operesheni wataanza na shamba lililotajwa na mashine.

Asubuhi Zidi alikuja na wachora alama. Wakapita mnazi kwa mnazi, kila mmoja wakautia msalaba mwekundu kwa brashi pana. Bi Kirembwe alisimama kibarazani, tasbihi mkononi, macho hayamtoki Zidi. Mgongoni Zidi alibeba karatasi ndefu iliyoviringwa.

"Mwanangu, hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ni mchoro tu, mama."

"Mchoro wa nini?"

"Wa baadaye."

"Ifungue niione hiyo baadaye. Si nami nitakuwamo?"

Zidi alisita, lakini upepo ni wa Mungu, haukusita. Ukaifungua karatasi nusu, na Bi Kirembwe akaona nyumba yake imechorwa hapo alipo, na pembeni yake, pale palipokuwa na minazi ya Faki, limechorwa ghala. Juu ya ghala limeandikwa: Shemeji na Wenzake, Tawi la Pili.

"Kumbe," alisema.

"Mama, hii ni ramani ya mfano tu."

"Naona. Mfano una mlango na kufuli."

Shaame naye misalaba ilimfikia, na usingizi ukamtoka. Siku ya pili akaja mbio, ameshika fomu, uso unang'aa.

"Da Kirembwe, nimepata! Kosa letu ni jina! Mimi ya kwangu nimeiandikisha upya. Si chelewa tena, ni wahi. Mafagio ya wahi! Mashine imepiga kelele ya furaha, taa ya kijani! Nawe ukaandikishe hivyo hivyo, upesi."

"Jina wamelikubali?"

"Papo hapo!"

"Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza hata moja."

Bi Kirembwe akaendelea kuchana kuti lake. "Basi mimi nitakaa kidogo, Shaame. Kitu wanachokubali bila kuuliza, nakiuliza mimi."

Shaame akamcheka. Lakini hazikupita siku tatu redio ikatangaza kwamba nchi imegundua mti unaozaa wahi, hazina ya taifa, na minazi kumi ya Shaame ikazungushiwa waya. Pakawekwa askari. Pakawekwa kibao: Shamba la Taifa la Kuwahi, Raia Hawaruhusiwi. Shaame alipewa cheti chenye picha yake akiwa amekodoa macho, na Alhamisi iliyofuata akaja mlango wa uani kwa Bi Kirembwe, bakuli mkononi, sauti chini.

"Da Kirembwe, nisaidie nazi moja. Leo nina mchicha."

"Za kwako?"

"Zinaanguka, naziona. Lakini kuziokota lazima nipate kibali cha kuwahi, na kibali bado hakijatoka."

Akampa nazi mbili, na hakumwambia "nilikwambia". Maneno hayo hayashibishi mtu. Lakini tangu siku ile alijua jambo moja: wakiiita minazi yake jina baya wataikata, wakiiita jina zuri wataichukua. Ikabaki kutafuta njia ya tatu, na njia ya tatu hakuiona. Akarefusha sijda zake.

*

Kilichobaki ni mashoka.

Mhunzi wa mtaani, wa siku zote, alikuwa na mashoka kumi na mawili yametundikwa ukutani, makali ya kunyolea. Wizara ikayakataa. Shoka lake halikuwa na mnyororo. Limetoka kwenye moto limeingia mkononi, halijapita kwa mtu yeyote wa katikati. Kwa hiyo milango ya chuma ya lile gereza iling'olewa, ikapakiwa melini, ikapelekwa ng'ambo ikawe mashoka. Meli ikapita bandari ya kwanza kuchukua mipini, bandari ya pili kuchukua maboksi ya kutilia mashoka, bandari ya tatu kuchukua karatasi ya kusema mashoka yamo ndani ya maboksi. Tarehe ya Mkaguzi ikawa inakaribia na mashoka hayaonekani. Redio haikuweza kusema yamechelewa, neno lenyewe lilikuwa chini ya operesheni. Ikasema yanawahi kwa utaratibu.

Bi Kirembwe aliposikia hivyo alitia udhu, akasali rakaa mbili, na dua yake ikawa fupi: "Ya Rabi, wape njia ndefu."

Mkaguzi Mkuu akafika kabla ya mashoka. Pete zote za taifa ziliitwa bandarini, zikapangwa kando ya gati zimeshikana mikono, ili mgeni auone mnyororo kwa macho yake. Bi Kirembwe alishikana na Shaame mkono wa kulia na fundi cherehani mmoja mkono wa kushoto. Mkaguzi alikuwa mrefu, mkavu, na saa mbili, moja kila mkono. Akaitazama bandari. Bandari ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa. Meli zilikuwa zimekoma kuja tangu kila mzigo ulipoanza kulala ghalani ukisubiri kuandikwa.

"Meli ziko wapi?" aliuliza kupitia mkalimani.

"Zimewahi, Mheshimiwa," alisema Makarai. "Zimeshaondoka."

"Na mizigo?"

"Imewahi pia."

"Na wafanyakazi?"

"Waliwahi kuondoka asubuhi."

Mkaguzi akaomba kuiona mashine. Zidi akaifungua. Ukiacha milango ya gereza, ambayo haikuandikwa popote, katika siku arobaini hakikuingia kitu wala kutoka kitu, na kwa hiyo katika siku arobaini hakikuchelewa kitu. Mkaguzi akatazama saa ya kulia, akatazama saa ya kushoto, akasema hajapata kuona namba safi namna ile katika maisha yake. Nchi ikatoka ya mwisho ikawa ya kwanza, hapo hapo juu ya gati, na cheti kikatiwa sahihi.

Mheshimiwa Makarai alilia machozi. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu pete zangu! Kuanzia leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, chelewa haipo katika nchi hii! Imekwisha! Haipo mjini, haipo shamba, haipo juu ya mti wowote! Na yeyote atakayethubutu kusema ipo ni mwongo na ni adui wa taifa, na atashughulikiwa!"

Makofi yalivunja mnyororo, maana watu waliachiana mikono ili wapige. Bi Kirembwe hakumwachia Shaame.

"Kasema atakayesema ipo ni nani?"

"Mwongo na adui wa taifa."

"Na saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi. Kwani vipi, Da Kirembwe?"

"Nilitaka tusikie wawili."

*

Mashoka yalifika siku tatu baadaye, yamewahi kwa utaratibu. Na kwa kuwa amri iliyokwisha kutolewa haina miguu ya kurudi nyuma, asubuhi moja gari ya serikali ikasimama mbele ya nyumba. Wakateremka wanaume wanne na mashoka mapya yenye vibandiko, na Zidi Mbwara na amri yake. Dereva alibaki ndani ya gari, kioo kimeshushwa, daftari juu ya usukani. Nchi nzima ilijua kwamba madereva wa Wizara hawakuajiriwa kwa ajili ya kuendesha.

Majirani wakajaa uzioni. Bi Kirembwe aliinuka kibarazani, akatia miguu kwenye viatu, akaenda kusimama mbele ya mnazi wa kwanza.

"Karibu, mwanangu. Mna kazi gani?"

"Mama, unaijua kazi yenyewe. Ni ya minazi."

"Minazi imefanya nini?"

"Amri iko hapa."

"Isome basi. Na uisome kwa sauti, majirani wako mbali."

Zidi akafungua karatasi, akakohoa. "Kwa mamlaka niliyopewa, naagiza ikatwe minazi yote inayotoa..."

"Inayotoa nini?"

"Mama, wewe mwenyewe unajua inatoa nini."

"Mimi sijui. Mimi nilikuwa bandarini, nimeshikana mkono na Shaame huyu hapa. Saa nne na dakika kumi Mheshimiwa alisema hicho kitu hakipo nchini, hakipo juu ya mti wowote. Shaame, nasema uongo?"

Shaame aliangalia askari wa shamba lake, akaangalia dereva, akaangalia bakuli lake la juzi kwa macho ya moyoni. "Alisema," akajibu. Kisha, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia: "Alisema hivyo hivyo!"

"Sasa wewe, mwanangu, umekuja kwangu na mashoka kuniambia kwamba kipo. Tena juu ya minazi ishirini na miwili. Mheshimiwa kasema hakipo, Zidi Mbwara kasema kipo." Akageukia gari. "Baba dereva, umemsikia?"

Dereva alikuwa ameshatoa kalamu.

"Sijasema!" Zidi alipiga kelele. "Mimi sijasema kipo! Andika kwamba sijasema!"

"Kama hakipo, mashoka ni ya nini?"

"Labda... labda tuikate kama minazi tu. Bila sababu."

"Kata. Lakini kwanza niandikie: mimi, Zidi Mbwara, nimekata miti hii kwa ajili ya kitu ambacho Waziri wangu ametangaza hakipo. Tia sahihi na tarehe. Karatasi ninayo, hii nyekundu uliyonipa wewe, nyuma yake ni nyeupe."

Mmoja wa wanaume wanne akashusha shoka lake, akalirudisha ndani ya boksi kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto. Wa pili naye. Uzioni mtu akacheka, akajifanya anapiga chafya. Zidi alikunja amri mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu zake tatu, akawaashiria wenzake waingie garini.

Yeye hakuingia. Alirudi hatua mbili, akainama kama anayefunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nyumbani tuna hitima kesho. Ule wa plastiki umekatika wote, uwanja mzima umejaa nyuzi, na mama yangu ananitukana tangu juzi. Nipe mmoja."

"Mmoja wa nini?"

"Wa hivi hivi."

"Hivi vina jina, mwanangu. Litaje nikupe bure, tena miwili, mmoja wa mama yako."

Zidi akageuza macho upande wa gari. Kalamu ya dereva ilikuwa juu ya daftari, imesimama, inangoja. Midomo ya Zidi ikafunguka. "Che..." alisema. Jasho likamtoka puani. "Che... cheti! Mama, nyumba hii ina cheti?"

"Haina."

"Basi. Nilikuwa nauliza tu."

Akaingia garini mikono mitupu. Gari ikageuzwa polepole, na ilipokuwa ikipita kando ya uzio Bi Kirembwe aliona dereva ametoa kichwa dirishani, ameitazama minazi, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa akihesabu. Alipofika mwisho wa safu aliandika.

Majirani wakashangilia. Shaame alikuja mbio na mikono juu.

"Wameondoka, Da Kirembwe! Umewashinda! Ingia ndani sasa ukapumzike."

Bi Kirembwe alikuwa ameshauvuta mkeka wake kutoka kibarazani. Aliutandika katikati ya minazi, akakaa uso ukielekea njiani, akavuta kuti moja magotini.

"Mashoka wameondoka nayo, Shaame, na hesabu ya minazi wanayo," alisema, akaanza kuchana.